Kutoka Kasoli hadi Dar kwa treni: Mama, watoto na usiku mrefu wa reli

Kasoli haina reli. Familia inayotaka kulala kwenye treni ya kwenda Dodoma au Dar es Salaam lazima kwanza ipande gari hadi Bariadi, ishike barabara ya Maswa, kisha ichague. Inaweza kukunja kwenda Malampaka, stesheni iliyo ndani ya Mkoa wa Simiyu katika Wilaya ya Maswa, au iendelee hadi Mwigumbi na kuingia Shinyanga mjini. Wengine hugeukia upande wa pili kabisa, wakapitia Lamadi hadi Mwanza, ambako treni inaanzia.

Uamuzi huo ndio unaoamua usiku utakuwaje. Malampaka ni karibu na nauli ya gari ni ndogo, lakini treni inapita tu pale. Mama mwenye mtoto mgongoni, wawili wa kushikwa mkono na gunia la mchele anatakiwa kuwapandisha wote kabla haijaondoka, pengine gizani. Mwanza ni mbali, ila kule treni ndiyo inayomsubiri abiria, si abiria anayeikimbilia. Kwa mtu mzima aliye peke yake, Malampaka inatosha. Kwa mama mwenye watoto watatu bila msaidizi, gharama ya kwenda Mwanza mara nyingi inajilipa.

Safari nyingi za namna hii hupangwa baada ya pamba kupimwa na fedha kuingia mkononi, kuanzia Juni hadi Agosti. Ndipo bibi anapelekwa kuwaona wajukuu Dar, mtoto anapelekwa hospitali kubwa, au mama anamfuata baba aliyehamia kikazi. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya baridi kwenye nyanda za juu za kati, jambo ambalo mtu wa Bariadi aliyezoea jua la mchana halimjii akilini anapofunga mizigo.

Swali la kwanza analoulizwa mama huyo na majirani ni kwa nini asipande basi. Ni swali la haki. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa mwendo basi linaishinda treni ya zamani bila ubishi. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli nyembamba. Safari nzima mara nyingi hula usiku mbili. Anayeshuka Dodoma ajiandae kwa usiku mmoja na saa za ziada zisizojulikana idadi yake.

Lakini mtoto anayetapika kila kona ya barabara, anayehitaji choo kila saa moja, au anayetakiwa kulala chali kwa sababu ya ugonjwa, basi halimfai. Kwenye treni anaweza kulala, kusimama, kutembea na kwenda chooni bila kumwomba dereva. Mizigo nayo ina nafasi yake. Hizo ndizo sababu za kweli za kuchagua reli. Anayeichagua kwa sababu tu nauli ni ndogo apige hesabu upya, maana chakula cha watu wanne kwa siku mbili njiani kinaweza kumeza tofauti yote.

Saa inayowachanganya watu

Kabla ya chakula na blanketi kuna tiketi, na kwenye tiketi kuna saa. Treni nyingi za masafa marefu huandikiwa muda wa saa 24, na familia nyingi husoma namba hizo kwa saa za Kiswahili. Tiketi inayosema 20:00 ni saa 2 usiku. Inayosema 05:00 ni saa 11 alfajiri, wala si saa 5.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wanaopandia stesheni za katikati, kama Malampaka na Shinyanga, kwa sababu treni inaweza kupita baada ya saa 6 usiku. Hapo tarehe imeshabadilika. Tiketi ya Jumamosi yenye saa 00:40 maana yake ni saa 6:40 za usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, hivyo familia inatakiwa kuwa stesheni Ijumaa jioni. Anayeondoka Kasoli Jumamosi asubuhi kwa furaha zote atakuta treni imeshapita Tabora.

Siku za treni hubadilika, hasa mvua zinapoharibu njia. Kipande cha Kilosa, Kidete na Gulwe kimekuwa kikisumbuliwa na mafuriko miaka nenda rudi. Ndiyo maana simu kwa Shirika la Reli Tanzania (TRC) au kwa stesheni yenyewe inapaswa kupigwa mara mbili: wakati wa kukata tiketi, na siku moja kabla ya kuondoka nyumbani. Jirani aliyesafiri mwaka jana si ratiba.

Jambo jingine ambalo wazazi huligundua wakiwa tayari ndani ya behewa ni mpangilio wa vitanda. Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, vitatu kila upande. Kwa desturi ya treni za hapa nchini, wanawake na wanaume hawachanganywi chumba kimoja isipokuwa familia imekilipia chumba chote. Mama anayesafiri na kijana wake wa miaka 14 anaweza kujikuta kijana amepelekwa chumba cha wanaume asiowajua. Hilo liulizwe dirishani, kabla ya kulipa. Familia mbili zinazofahamiana zikikata tiketi pamoja na kujaza vitanda vyote sita, tatizo hilo linaisha, na gharama inagawanyika.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, au nakala zake, viwekwe pamoja na tiketi. Vinathibitisha umri pale nauli ya mtoto inapobishaniwa, na vinathibitisha mtoto ni wa nani endapo mtu atauliza. Kwenye treni mpya ya SGR, ambayo familia inaweza kuiunganisha ikifika Dodoma, nauli zilizotangazwa ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 4 halipi, na wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Mtu mzima naye lazima awe na kitambulisho.

Matobolwa yanajua safari

Kwa upande wa chakula, Wasukuma walishamaliza kazi kabla ya reli kuja. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, hayachachi, hayamwagiki, hayahitaji kijiko, na mtoto akipewa kipande kimoja kigumu hutulia nacho kwa nusu saa. Yakifuatana na karanga za kukaanga, mlo umetosha. Michembe inahitaji kupikwa, hivyo ibaki kwenye gunia la zawadi.

Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake hadi wakati wa kula. Chapati zilizokauka vizuri hufika kesho yake zikiwa salama, na mihogo ya kuchoma pia. Kinachoharibu safari ni hotpoti la wali na nyama lililopikwa kwa upendo saa 8 mchana, likafungwa la moto, likafunguliwa saa 4 usiku. Joto lile la uvuguvugu ndilo wadudu wa kuharisha wanalolipenda. Chakula cha namna hiyo kiliwe mapema, ndani ya saa chache tangu kiivishwe, na kinachobaki kitupwe hata kama roho inauma. Mtoto akiharisha ndani ya treni, choo ni cha pamoja kwa behewa zima la watu.

Njiani kuna vya kununua. Tabora ni asali. Saranda, stesheni ndogo mkoani Singida, abiria wa reli ya kati huijua kwa kuku. Kwa mtoto, kanuni ni moja: kinachotolewa jikoni kikiwa cha moto kabisa, au kinachomenywa kwa mkono wa mama, kama ndizi na chungwa. Maembe yaliyokwisha katwa na juisi ya kwenye ndoo vipite. Mtoto aelezwe hayo nyumbani, kabla hajaona wenzake wananunua dirishani, kwa sababu mabishano ya saa 12 asubuhi mbele ya muuza juisi hakuna mama anayeyashinda.

Maji ndiyo habari kubwa. Wapo kina mama wanaowabania watoto maji ili wasisumbue kwenda chooni usiku. Ni kosa. Ndani ya behewa kuna vumbi na joto mchana, na mtoto hukauka bila mtu kugundua. Lita mbili kwa kila mtu kwa siku ni kiasi cha kuanzia, yakiwa yamechemshwa au ya chupa. Mtoto wa chini ya miezi 6 haongezewi maji, anyonyeshwe tu mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye anywe kwa wingi. Kwa wanaojisaidia usiku, poti dogo lenye mfuniko ni mali. Linamwepusha mama kumbeba mtoto gizani kupita korido linaloyumba, akiwaacha wengine wawili wamelala peke yao.

Pakiti 3 au 4 za ORS ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na chupa ya lita moja, kwa kuwa pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji salama, na mchanganyiko ukipita saa 24 unamwagwa. Dawa ya kushusha homa, dawa za kila siku za yeyote anayetumia, tochi, sabuni ya kipande, kanga moja ya ziada kwa kila mtoto na nguo moja kavu vikae humo humo. Mkoba huo hautoki begani. Dawa iliyoko chini ya gunia la mchele, juu yake kuna begi la abiria mwingine, haipo.

Akiwa na selimundu

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na sehemu ya safari hizi ni kwa ajili yao hasa. Bugando, Mwanza, inawahudumia wengi. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu, na wazazi wa mikoani wamepata sababu mpya ya kuuliza habari za treni ya Dodoma.

Kwa mtoto huyu, kila kinachomchosha mtoto mwingine kinaweza kumwamsha kwa maumivu makali ya mifupa. Vichochezi vinajulikana: kukosa maji, baridi, uchovu na homa. Safari ya usiku ya Julai ina vyote vinne. Tabora na Dodoma ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo Dodoma hushuka chini ya nyuzi joto 15. Upepo wa dirisha la treni huongeza ukali wake.

Soksi, kofia ya sufu na sweta havitoshi kuwa ndani ya begi. Vivaliwe jua linapozama, kabla baridi haijaanza. Mtoto alale kitanda cha chini, kichwa mbali na dirisha, pamoja na mama yake kama nafasi inaruhusu. Anywe maji kidogo kidogo hata usiku, na mama aweke saa ya simu imwamshe kwa ajili hiyo. Foliki asidi na haidroksiyurea, kwa anayeitumia, zisikatizwe hata siku moja kwa sababu ya safari. Wiki moja kabla, apelekwe kliniki aonwe, na mama aombe maandishi mafupi yanayotaja ugonjwa, dawa, kundi la damu na namba ya kliniki. Karatasi hiyo itazungumza pale mama atakapokuwa ameishiwa maneno.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi wachache hulipanga: mahali pa kushuka. Mtoto mwenye selimundu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akibana kifua, akipauka ghafla, au tumbo upande wa kushoto likivimba, hasubiri kufika aendako. Kwenye njia hii Tabora kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Itigi kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Mbele kuna Manyoni, kisha Dodoma yenyewe. Kati ya Tabora na Itigi ni pori refu, hivyo homa iliyoanza kabla ya Tabora imalizwe Tabora. Tiketi ikipotea imepotea. Mhudumu wa behewa aambiwe mapema, mara tu baada ya kupanda, kwamba chumba namba fulani kuna mtoto mgonjwa. Akijua hilo saa 2 usiku, atasaidia haraka saa 9 usiku.

Na kama kliniki ikisema mtoto ametoka kwenye maumivu wiki hiyo hiyo, safari iahirishwe. Treni ya wiki ijayo ipo.

Dirisha, mlango na kitanda cha juu

Watoto hukipenda kitanda cha juu. Mtoto wa chini ya miaka 8 asilale huko, hata akilia. Treni hufunga breki ghafla, na sakafu iko mbali. Wa katikati alale akiwa upande wa ukutani, kanga imepitishwa chini ya godoro na kufungwa kuwa kizuizi.

Dirisha lifungwe kabla ya kila stesheni ya usiku. Mkono wa mwizi huingia kupitia uwazi mdogo kuliko mtu anavyodhani, na simu inayochajiwa karibu na dirisha ndiyo ya kwanza kuondoka. Mlango ufungwe kwa ndani. Fedha zigawanywe sehemu tatu, nyingine zibaki kwenye simu, na chenji ndogo za kununulia ndizi ziwe mfuko wa nje, ili mama asilazimike kufungua fundo lote mbele ya watu.

Mchana hatari inahama. Mkono au kichwa cha mtoto nje ya dirisha, mlango wa behewa uliowazi, na ile hamu ya kushuka "dakika moja tu" kununua soda. Hakuna mtoto wa kushuka peke yake stesheni yoyote. Vilevile, kabla ya kuondoka Kasoli, kila mtoto aliyeanza kuongea afundishwe jina lake kamili, jina la kijiji na namba moja ya simu kwa kuiimba. Aliye mdogo zaidi aandikiwe namba kwenye kitambaa, kishonwe ndani ya shati. Bangili hukatika, karatasi hulowa. Mama naye awe na namba muhimu kwenye daftari, kwa sababu simu huzimika na porini mtandao hukatika.

Msichana anayesindikizwa na "shangazi"

Si kila mtoto wa Simiyu anayepanda treni husafiri na mzazi. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na katikati ya kusubiri matokeo, mara nyingi hujitokeza mtu mwenye maneno matamu: ndugu wa mbali, jirani wa zamani, mama mmoja kutoka mjini anayetafuta "binti wa kukaa naye". Nauli analipa yeye. Ahadi ni kushona, saluni au shule.

Mzazi anayefunga begi la binti wa miaka 13 kwa safari hiyo anapaswa kujua kwamba sheria haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na kwamba Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inawagusa wanaochukua watoto kwa hila na kuwatumikisha. Kuna hasara nyingine isiyopiga kelele. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016, na kidato cha kwanza huanza Januari. Binti akichaguliwa huku yuko jikoni kwa watu Dar, nafasi inamsubiri kwa muda tu.

Hata pale msindikizaji ni shangazi wa kweli, maandalizi yawe ya maandishi. Barua ya ofisi ya mtendaji wa kijiji itaje mtoto ni nani, anaenda wapi, kwa nani, kwa sababu gani na atarudi lini. Nakala ya kitambulisho cha msindikizaji ibaki Kasoli. Mzazi azungumze kwa simu na mwenyeji wa Dar mwenyewe, si kupitia msindikizaji, na binti awe na fedha yake ya nauli ya kurudi, iliyoshonwa mahali anapopajua yeye. Afundishwe pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure. Ndugu mwema hatachukizwa na barua. Anayechukizwa, binti abaki nyumbani.

Mwenyeji anasubiri wapi?

Reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, yenye kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021. Ikikamilika na kuungana na vipande vingine, huenda matobolwa yasihitajike tena. Kwa sasa SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, huduma iliyoanza Julai 2024, na kipande hicho hukimaliza kwa takriban saa 3 na nusu. Kwa familia iliyochoka, kushuka Dodoma na kumalizia na SGR kunaweza kuokoa usiku wa pili. Lakini kituo cha SGR Dodoma si ile stesheni ya zamani ya mjini, hivyo teksi au bajaji na muda wa kutosha kati ya treni mbili viwekwe kwenye hesabu. Treni ya zamani ikichelewa, ile mpya haiisubiri.

Jambo hilo hilo linamhusu mwenyeji. Akiambiwa tu "tunakuja na treni", Dar atakwenda kusimama kituo cha SGR huku wageni wake wakishuka stesheni ya reli ya zamani na mizigo yao. Aambiwe kwa jina ni treni ipi, behewa namba ngapi, na apigiwe simu familia ikiwa Morogoro, siyo Pugu, ili naye apate muda wa kuvuka foleni. Watoto wabaki wamekaa kitandani hadi korido litulie. Mama ashushe kwanza mizigo kwa msaada wa mhudumu, awashushe watoto mmoja mmoja, awahesabu, kisha ndipo aanze kumtafuta mwenyeji kwa macho.